Vidonge vya Wake Wenza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kitungadawa kilikohoa mara mbili, kikawasha taa yake ya kijani na kumwita mtu kwa jina. "Mwavita binti Saleh. Kidole, tafadhali." Mwavita aliketi kwenye kigoda na kuingiza kidole chake cha shahada tunduni. Sindano ilikuwa nyembamba mno, hakuihisi. Alichosikia ni mvumo wa ndani, mashine ikisoma damu yake, ikipima, ikichanganya na kufinyanga. Baada ya dakika nne, kidonge kimoja kilidondoka kwenye kisahani cha bati. Alikitazama kwa muda, akakimeza bila maji.

Kisha mashine ikamwita mke mwenzake, Asumini, na kwenye kisahani vikadondoka vitatu. Ta, ta, ta. Mwavita alikuwa jikoni, ameupa ukumbi mgongo, lakini kwa mlio ule hakuhitaji macho. Alivihesabu vyote vitatu kama alivyovihesabu jana na juzi, na siku zote tangu mashine ile iingie nyumbani.

Mwaka ulikuwa 2094. Mwaloni Ujiji roboti ziligeuza dagaa kwenye vichanja tangu alfajiri, na treni ya sumaku ilimfikisha mtu Tabora kabla chai yake ya chupa haijapoa. Hata hivyo, hakuna mashine iliyosifiwa kama kitungadawa, na chenyewe hakikuzidi ukubwa wa cherehani. Zamani bibi zetu wakiugua saratani walipewa dawa kama wanafunzi wanavyopewa sare: mshono mmoja, anayebanwa abanwe, anayepwaya apwaye. Wataalamu wakaja kung'amua kwamba kila binadamu hubeba kitabu chake cha urithi, kimeandikwa kwa herufi bilioni tatu. Vitabu hivyo karibu vyote vinafanana, ila herufi moja hapa na moja pale hutofautiana. Herufi moja tu yaweza kuamua uvimbe ukue mbio au ujikokote, na ini livunje dawa kwa saa tatu au kwa siku mbili. Kitungadawa kilisoma herufi hizo, kikapima na damu ya siku hiyo, kikamtengenezea mgonjwa kidonge chake yeye, cha leo, ambacho kesho kingekuwa kingine.

Sasa mashine kama hiyo iingize kwenye nyumba ya Yasini Kitumbo, uone.

Yasini alikuwa fundi wa mizani pale soko la samaki, na uadilifu wake ulivuka mpaka wa akili. Ujanani alisikia kwamba mume asiyefanya haki baina ya wake zake atafufuliwa upande mmoja umelala. Tangu alipomwoa Asumini, miaka kumi na moja nyuma, hakupata usingizi mzima. Akinunua birika, alinunua mawili. Samaki aliwapima kwa gramu. Zamu za kulala aliziandika kwenye kalenda kwa wino wa rangi mbili, na akisifu mchuzi wa mmoja mchana, jioni angetafuta cha kusifu kwa mwingine, hata kama ni pazia. Watu mtaani walimcheka. Lakini nyumba yake ilikaa kwa amani, na wanaume waliomcheka walikuwa wakilala vibarazani kwa ugomvi wa wake zao.

Ugonjwa uliwaingia wanawake wale wawili kwa mlango mmoja. Kilikuwa kirusi cha shingo ya kizazi, cha aina mpya ambayo chanjo waliyochanjwa utotoni haikuijua, nacho kilikaa kimya miaka mingi kabla ya kuzaa saratani. Nani alimletea nani haikujulikana, ingawa Mwavita alikuwa na jibu lake. Majibu yao wote wawili yalitoka wiki ileile. Daktari Ntakije, binti mwembamba wa Kasulu aliyependa kueleza jambo mpaka mtu asinzie, aliwaketisha wote watatu.

"Kirusi ni kilekile," alisema, "ila kimeota kwenye miili miwili tofauti. Uvimbe wa Bi Asumini unakua mbio, na ini lake linaichoma dawa haraka. Adhuhuri ikifika hana kitu kwenye damu. Wako wewe, mama, ni mvivu, na ini lako linaivunja dawa polepole. Kidonge kimoja unakaa nacho hadi kesho kutwa. Kwa hiyo mtapewa dawa moja, inaitwa zimaseli, lakini kwa vipimo tofauti kabisa. Mkifuata vipimo hivyo, katika watu kumi wanapona tisa."

Mwavita alisikia neno "tofauti". Mengine yalimpita, kwa sababu wakati ule Yasini alikuwa ameupakata mkoba wa Asumini mapajani. Mkoba wake yeye ulikuwa sakafuni.

Kila mwezi kitungadawa kilionyesha picha ya uvimbe kwenye kioo chake. Wa Asumini ulianza kama limau, mwezi wa pili ukawa kama kokwa ya tende, wa tatu ukawa harage. Wa Mwavita ulianza harage na ukabaki harage. Daktari alisema uvimbe mvivu ukizimwa hausinyai haraka, la muhimu haukui, na hilo ni la kushukuru. Shukuru wewe, Mwavita alisema moyoni. Asumini alirudi kunawiri mashavu, akaanza tena kuimba akichambua mchicha, na Yasini akisikia ule wimbo alikuwa anapunguza sauti ya redio.

Mwavita alimwonea wivu, tusizunguke. Alimwonea wivu wa mashavu, wa wimbo, wa redio iliyopunguzwa, na zaidi ya vyote, wa vidonge vitatu. Alijua ni aibu kwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watatu waliokwisha kuoa na kuolewa, kuhesabu vidonge vya mwenzake. Alijua, na alihesabu. Anayesema hajawahi kuhesabu cha mwenzake ajitokeze, tumwone.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana uvumilivu ulimwishia.

"Baba Salha, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ukileta samaki, tuseme migebuka sita, mimi napata mingapi?"

"Mitatu."

"Na Asumini?"

"Mitatu. Kwani kuna siku nimekupunja?"

"Kila siku. Saa kumi na mbili na nusu."

Yasini akaelewa. Alitaka kucheka, akaiona sura ya mkewe, akaacha. "Ile ni mashine, Mama Salha. Inasoma damu."

"Imo nyumbani kwa nani? Hati ya kuipokea, dole gumba aliweka nani?"

"Mimi."

"Basi chochote kinachogawiwa humu ndani umekigawa wewe. Yeye vitatu, mimi kimoja. Yeye anapona, mimi nimekaa na harage langu. Siku utakapofufuliwa bega limelala, usiseme mkeo mkubwa hakukwambia."

Maneno hayo yalimwingia Yasini penyewe. Mtu mwingine angempigia daktari simu. Naye alifikiria, simu ilikuwa tayari mkononi. Lakini binti mdogo kama yule utamwulizaje mambo ya kufufuliwa? Akaona hili ni jambo la ndani ya nyumba, na ya ndani ya nyumba alikuwa ameyaweza kwa mizani miaka kumi na moja. Akamwita Asumini.

"Mwenzako analalamika kuhusu dawa," alisema. "Nimefikiri. Dawa ni moja, ugonjwa ni mmoja. Vyote vinne tuvijumlishe, kila mtu apate viwili. Lakini sitafanya bila ridhaa yako."

Asumini alimtazama mumewe, kisha akamtazama Mwavita. "Mimi nimeridhia," alisema. Alisema upesi kuliko Mwavita alivyotarajia, na kwa muda mfupi Mwavita akashuku kwamba ametegwa.

Kuanzia Jumamosi hiyo Yasini aliamka mapema, akakaa kando ya kitungadawa na mizani yake ndogo kabisa, ile ya kuhakikia mawe ya mizani. Vikidondoka, alivikusanya, akavipima, na pale pasipolingana alikata kwa wembe. Mwavita alimeza viwili vyake akiwa ametulia moyo kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Utulivu ule ulidumu siku tano. Ya sita mdomo ulimtoka vidonda, miguu ikawa inamfa ganzi, na chakula hakikukaa tumboni. Unafikiri aliogopa? Alifurahi. Alijiambia ndiyo dawa yenyewe hiyo, kumbe alikuwa ananyimwa, na akatapika kwa fahari. Mashine ilipomsoma ilikuta damu yake imefurika zimaseli, ikampunguzia kidonge kikawa nusu. Wiki ya pili ikatangaza, "Mwavita binti Saleh, leo hupewi dawa." Damu ya Asumini iliikuta imekaukiwa dawa, ikampandishia vikawa vinne, halafu vitano. Yasini akajumlisha, akagawa. Mashine ikipunguza huku na kuongeza kule, yeye alikuwa nyuma yake na wembe, akirudisha kila kitu sawasawa. Waliokiunda kitungadawa walikifundisha herufi bilioni tatu za binadamu. Hawakukifundisha habari za mume wa wake wawili.

Kituo cha Daktari Ntakije kilipiga simu mara moja tu. Sauti ya roboti iliuliza kama dawa inatumika inavyostahili. "Kwa haki kabisa," Yasini alijibu, na hakuwa anadanganya.

Asumini ndiye aliyenyamaza kwanza. Wimbo wa mchicha ulikatika wiki ya nne. Wiki ya saba akaanza kushika kiuno akiinuka, na picha yake kwenye kioo ikatoka kwenye harage ikarudi kwenye limau, ikapita limau. Mwavita aliiona. Mwanzo aliona ni uwongo wa mashine. Halafu akaacha kuitazama, kila ilipowashwa alikwenda kukagua sufuria ambayo haikuwa na kitu. Wiki ya kumi wakaitwa kituoni wote watatu.

Daktari Ntakije hakueleza sana siku hiyo, na hilo peke yake lilitisha.

"Nitakuwa mkweli," alisema. "Uvimbe wa Bi Asumini umerudi, na umetuma vijidoa viwili kwenye ini. Kitungadawa kinasema mwili wake ni sugu kwa zimaseli tangu kuzaliwa. Mimi nimezisoma jeni zake mara tatu na sioni usugu wowote, lakini kipimo kimeshasema. Mgonjwa wa namna hiyo utaratibu unamwondoa kwenye mpango. Tutampa dawa za maumivu, arudi nyumbani apumzike."

Hakuna aliyeuliza apumzike mpaka lini.

"Na wewe mama," daktari alimgeukia Mwavita, "kwako kuna kioja. Siku hamsini na tatu mashine haijakupa kidonge hata kimoja, na damu yako bado imejaa dawa. Nadhani mashine yenyewe ni mbovu. Nitaandika hivyo."

Yasini alikuwa anatazama viatu vyake. Wakati ule alikuwa ameona wembe wake umefanya nini. Na Mwavita, Mungu amsamehe, wazo lililomjia kwanza lilikuwa tamu. Daktari ataandika mashine mbovu. Asumini atarudi nyumbani apumzike. Baada ya hapo kalenda itakuwa na wino wa rangi moja. Aliliwaza wazo hilo lote, mwanzo mpaka mwisho, na hakulikemea.

Akamtazama Asumini ili aone chuki usoni mwake. Hakuiona. Asumini alikuwa anakunja mtandio wake polepole. Alijua kila kitu na hakusema neno. Angekwenda nyumbani, angekufa, na asingewataja. Watu wangekuja matangani kusema yule mwanamke alikuwa na subira ya pekee, na Yasini angeitikia kwa kichwa.

Hapo damu ikamchemka Mwavita. Mashavu alimshinda, wimbo alimshinda, sasa amshinde na wema pia?

"Asumini, sema," alisema.

"Niseme nini?"

"Unajua la kusema."

"Sina la kusema, dada. Niliridhia mwenyewe."

"Basi nasema mimi." Mwavita alimgeukia daktari. "Mashine ni nzima. Wabovu ni sisi. Mume wangu alikuwa akizigawa dawa nusu kwa nusu, na aliyemlazimisha ni mimi. Huyu usimwandike sugu. Hajanywa dawa yake kamili wiki kumi."

Yalitoka yote, migebuka sita, mizani, wembe. Daktari Ntakije alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza kusikiliza alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Lakini kwa nini?" aliuliza hatimaye. "Niliwaeleza. Niliwaeleza siku ya kwanza."

"Wivu," alisema Mwavita. "Andika hivyo hivyo."

Asumini akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Usijibebeshe peke yako, dada Mwavita. Unajua kwa nini nilikubali haraka? Nilikuwa nakihusudu kidonge chako. Nilijiambia, mimi kila siku natafuna vitatu kama karanga, mwenzangu anapewa kimoja tu na kinamtosha. Nikasema hicho ndicho chenye nguvu, bi mkubwa kapewa kizuri kama kawaida. Baba Salha alipoleta habari ya kugawa, nusura nimbusu mkono."

Miaka kumi na moja Mwavita hakuwahi kufikiri kwamba yeye naye anahesabiwa.

Daktari alivaa miwani yake. Alieleza sasa, na safari hii wote walimsikiliza. Uvimbe una seli milioni nyingi, na kila zinapojigawa herufi hubadilika hapa na pale, kwa hiyo si zote zinafanana. Dozi kamili ingeziua zote pamoja. Nusu dozi iliua zilizo dhaifu na kuziacha ngumu, zikapata nafasi ya kuzaana. Uvimbe ule wa mwanzo, wa tisa kwa kumi, haupo tena. Huu ni mwingine.

"Lakini kwa kuwa usugu si wa kuzaliwa, mlango mmoja umefunguka," alisema. "Tabora wanaweza kuchukua chembe nyeupe, wale askari wa damu yake, wawafundishe kuutambua uvimbe huu mpya, wamrudishie. Ni miezi minne wodini, na ni matibabu makali. Katika wagonjwa watatu anapona mmoja. Anaruhusiwa mtu mmoja wa kumwuguza."

"Nitakwenda mimi," alisema Yasini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. Kisha mazoea yakamshika hata pale, akamgeukia Mwavita huku machozi yanamtiririka. "Miezi minne, Mama Salha. Nikirudi nitakaa kwako miezi minne, sitakudhulumu hata siku."

"Huendi kokote," alisema Mwavita. "Nitakwenda mimi. Naye daktari atanipimia dawa yangu hukohuko."

Wote walimtazama. Machozi yalimlengalenga Asumini.

"Usinitolee machozi," Mwavita alimwambia. "Siendi kwa huruma. Nikuache naye miezi minne, akulishe uji kwa kijiko, akufunike shuka, akupepee? Siwezi. Nitakulisha mimi, na uji wangu utaunywa bila sukari."

Daktari alitoka kwenda kuandaa barua, na Yasini alitoka kwenda kulia mahali pasipo na watu. Wanawake wale wawili walibaki kwenye benchi la ukumbini, mkoba wa kila mmoja uko mapajani mwake.

"Nina ombi," alisema Mwavita.

"Sema, dada."

"Usinifie. Ukiwa hai nakuweza. Unaunguza maharage, unakoroma, na ukinuna unanuna siku tatu, hata yeye anachoka. Lakini akishakuzika hutakuwa na kosa hata moja. Utakuwa na miaka thelathini na sita daima, na mashavu hayo. Atakuombea kila Ijumaa mbele yangu. Marehemu nitashindana naye vipi?"

Asumini alicheka mpaka akajishika tumbo kwa maumivu, na Mwavita akamdaka bega asije akaanguka. Kicheko kilipoisha mkono ulibaki pale begani.

"Nitajitahidi kuishi nikukere," alisema Asumini. "Ila umemsikia daktari. Mmoja katika watatu."

"Nimemsikia," alisema Mwavita. Ilikuwa tisa kwa kumi kabla yeye hajafungua mdomo Ijumaa ile, na hilo pia alikuwa amelisikia.